Watu Watatu na Neno Simama

Kuna swali limenishinda. Nimelizungusha miaka. Nimewauliza mafundi, nimewauliza wakunga, nimemuuliza hata padri mmoja aliyekuwa amepita kuomba maji ya kunywa. Kila mmoja alinipa jibu, na kila jibu lilikuwa zuri mpaka nilipolisikia la mwenzake. Basi leo nalileta kwenu. Sogeeni, sikilizeni, na msimpendelee mtu kwa sababu mnafanya kazi kama yake.

Hapo zamani, zamani ya karibu, kompyuta zikiwa zimeshaingia viwandani lakini watu bado wanazitazama kwa jicho la pembeni, palikuwa na kiwanda cha sukari mahali panapoitwa Lumbanga. Wafanyakazi wake walitoka kila pembe ya nchi. Huyu katoka milimani, yule katoka ziwani, mwingine katoka kusini kabisa. Walikaa kwenye kota zilizopangwa mstari, ukuta kwa ukuta, na ndugu zao wa damu walikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Kwa hiyo walijitengenezea undugu wao. Mtoto akizaliwa kotani alipewa jina la nyumbani, na jina hilo lilikuwa la mtu wa kiwandani, na mtu yule akawa somo wake, naye mtoto somo wa mtu yule. Somo si jambo dogo Lumbanga. Ukiugua, somo wako anakuja kukupikia uji. Ukistaafu, somo wako anakubebea sanduku hadi kituoni. Ukifa, somo wako ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Na jina likishaitwa mlangoni halibadilishwi, wala mtoto hapewi mawili. Mtoto mmoja, jina moja, somo mmoja.

Katikati ya kiwanda palikuwa na mkanda wa kupeleka miwa, mpana kama barabara ya mtaa. Uliipokea miwa uwanjani, ukaipandisha hatua sitini, ukaimwaga kwenye visu. Visu thelathini na viwili, kila kimoja kirefu kama mkono wa mtu, vikizunguka kwa kasi hata huvioni, unasikia tu mngurumo. Muwa mzima ukiingia pale, unatoka vipande visivyozidi kidole.

Sasa wajueni watu watatu.

Wa kwanza ni Mzee Likuda, fundi waya. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mtoto hawakujaliwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashine za uwanjani zinazungumza na chumba cha vioo, kile chumba cha juu kinachoongoza kiwanda kizima. Mashine huzungumza kwa waya: nina joto hivi, nina mzigo hivi, nimekwama, nimesimama. Mzee Likuda alipoambiwa alaze waya kutoka kwenye mkanda hadi chumba cha vioo, alilaza mmoja chini ya uwanja, njia fupi. Kisha akalaza wa pili. Huo aliuzungusha nyuma ya matanuri ya mvuke, ndani ya mabomba ya chuma, njia ndefu mara nne.

Meneja akamwuliza, "Mzee, ujumbe mmoja, njia mbili za nini?"

"Nyumba yako ina milango mingapi, bosi?"

"Miwili."

"Ya nini, nawe una mwili mmoja?"

Meneja akacheka, na utani ukabaki. Kuanzia siku ile kiwanda kizima kilimwita Mzee Milango Miwili.

Wa pili ni Tusekile, fundi wa mawimbi, binti wa watu wa Rungwe, mwenye sauti ya chini na miguu isiyochoka. Yeye alisema: mashine unaweza kuifunga waya kwa sababu imekaa. Mtu hakai. Mtu anapanda, anashuka, anainama, anapita chini ya mkanda. Huwezi kumfunga waya kama mbuzi. Akaleta vitufe, kila kimoja kikubwa kama kiberiti, vya kuvaa kifuani. Ukikibonyeza, kinatuma hewani neno moja tu: Simama. Boksi lililofungwa kwenye nguzo linalidaka neno lile na kulitia kwenye waya, na waya unalifikisha chumba cha vioo.

Lakini hewa ya kiwandani si hewa tupu. Mota zinaichafua. Chuma kinarudisha mawimbi kama ukuta unavyorudisha mpira. Simu za watu zinapiga kelele juu ya kelele. Tusekile alitembea wiki sita na kifaa chake chenye antena, kona kwa kona, kama mtu anayetafuta pa kupita sokoni siku ya gulio. Alipoupata uchochoro wake hewani, akaufanya wa vitufe peke yake. Simu ya mtu haikupita humo.

Wafanyakazi wakamcheka. "Dada, hirizi yako inatibu na mgongo?"

"Inatibu midomo," akajibu. "Ivae uone."

Na kusema kweli, mwanzoni vile vitufe vilimwaibisha. Mara tisa vilisema Simama pasipo mtu kuvigusa. Mara tisa mkanda ukasimama wenyewe, miwa ikarundikana, juisi ikachacha kwenye matangi. Meneja akachoka. Akatoa amri: neno Simama la kitufe lisiusimamishe mkanda tena lenyewe. Liwashe taa nyekundu katika chumba cha vioo, na mwendeshaji anipigie simu kwanza. Nikisema simamisha, asimamishe. Nisiposema, aache.

Mwendeshaji huyo ndiye mtu wetu wa tatu. Jina lake Mketo, mtu mkimya, baba wa watoto sita. Alikaa mbele ya skrini nne na simu moja ya mezani. Kwenye faili lake palikuwa na barua mbili za onyo, zote kwa kosa lile lile: kusimamisha mkanda bila idhini ya meneja. Pale Lumbanga barua ya tatu ndiyo ya kwaheri.

Yupo na wa nne, lakini yeye hadai kitu. Ni Kassian Mbawala, mpakia miwa, mtu wa furaha na makelele. Mkewe, Redempta, alikuwa na mimba iliyotimia. Kassian alipopewa kitufe alikikataa. Alisema kifua chake si ukuta wa kutundikia vitu. Redempta hakubishana naye. Alishona mfuko ndani ya shati lake la kazi, upande wa kushoto, akakitia humo kile kitufe, akamwambia, "Ukikitoa, basi ujifungue wewe."

Kassian akakiacha.

Ikafika siku ya kufungua msimu.

Siku hiyo ina desturi yake. Muwa wa kwanza haupandishwi na mashine. Unavishwa kanga mpya, na mwanamume ambaye mkewe ni mjamzito anauweka juu ya mkanda kwa mikono yake, ili msimu nao uzae. Mwaka ule mwanamume huyo alikuwa Kassian. Mambo yaliyotokea hapo yangetokea Lumbanga peke yake, kwa kuwa ni Lumbanga tu ambako watu huvalisha muwa kanga.

Asubuhi wakaja wafunga turubai. Wakapigilia vigingi vya chuma uwanjani, ngo, ngo, ngo. Kigingi cha tatu kikazama kuliko vyenzake, kikaupita waya wa njia fupi katikati. Kwenye skrini moja ya Mketo yakatokea maandishi madogo ya njano: njia ya kwanza imekatika, natumia ya pili. Hakuna aliyeyasoma. Ngoma zilikuwa zimeanza.

Watu wakajaa. Mgeni rasmi akakaa mbele, meneja akakaa ubavuni kwake. Simu mia tatu zikainuliwa juu kupiga picha. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Yuko wapi baba kijacho? Kassian! Aje na mke mwenza, Bi Muwa!"

Kicheko. Kassian akaja anacheza, muwa begani. Kwa kuwa alitaka kumwonyesha mgeni rasmi jinsi ulivyopambwa, na kwa kuwa aliogopa kanga isidondoke mbele za watu, aliizungusha ncha yake kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Mara moja. Mara mbili. Akauweka muwa juu ya mkanda uliokuwa unajikokota polepole.

Mshereheshaji akapiga kelele, "Chumba cha vioo! Tupeni mwendo! Mgeni rasmi auone mkanda wa Lumbanga!"

Utaratibu unasema mwendo haupandishwi mpaka bendera ya kijani ishushwe. Bendera haikuwa imeshushwa. Mketo akapandisha mwendo hadi mwisho.

Mkanda ukaruka. Muwa ukaenda. Kanga ikakaza. Kassian akaenda nayo, kifudifudi, mkono mmoja mbele, kama mtu anayevutwa na ng'ombe.

Watu wakapiga makofi! Walidhani ni sehemu ya ngoma. Kassian alipiga kelele, na wapiga ngoma wakaongeza nguvu, kwa sababu mchezaji akipiga kelele ndivyo mpigaji anavyofanya. Chini ya turubai lote lile, mtu mmoja tu hakupiga makofi. Redempta alisimama, mkono tumboni, mdomo wazi, sauti haitoki.

Hatua sitini hadi kwenye visu. Kwa mwendo ule, kama pumzi tano za mtu aliyetulia. Kassian hakutulia.

Mkono wa kulia umefungwa. Wa kushoto ukapapasa mkanda, ukapapasa miwa, ukapapasa kifua. Mfuko. Kitufe. Akabonyeza. Zimebaki hatua arobaini na saba.

Simama, kikasema kitufe. Simu mia tatu zilikuwa zinapigana vikumbo hewani, zinatuma picha, zinatuma salamu, na neno lile dogo likapita uchochoro wake pasipo kuguswa bega.

Simama, likadaka boksi la nguzoni, likageukia njia fupi. Njia fupi imekufa, ina kigingi cha turubai katikati. Likageukia njia ndefu. Neno likazunguka nyuma ya matanuri, ndani ya chuma, kwenye joto la kuivisha mayai, likafika kabla hujafumba jicho.

Simama, ikasema taa nyekundu katika chumba cha vioo. Hatua arobaini na tano.

Mketo akatazama chini. Turubai lilikuwa limeziba ule upande wa mkanda. Aliona rangi za kitambaa na mikono inayopiga makofi. Akatazama taa. Vitufe hivi vilikuwa vimemdanganya mara tisa. Akanyanyua simu ya mezani, akampigia meneja. Hatua thelathini na tatu. Ikaita mara moja. Huko chini simu ya meneja ilikuwa inatetemeka mfukoni, naye anapiga makofi. Ikaita mara ya pili. Hatua ishirini na moja. Mketo akautupa mkono wa simu, akapiga kofi kile kitufe kikubwa chekundu cha mezani.

Mkanda ukalia. Mkanda ukajikokota. Mkanda ukasimama.

Hatua nne.

Ngoma moja ikaendelea peke yake, halafu nayo ikanyamaza. Hapo ndipo sauti ya Redempta ilipotoka, na ilipotoka, wote walioisikia walijua kwamba ile haikuwa ngoma. Wanaume wakarukia mkandani, wakaikata kanga kwa panga. Kassian akashuka na kiatu kimoja, amechubuka kidevu, anasema, "Niko mzima, niko mzima," na huku anaanguka. Redempta naye akakamatwa na uchungu papo hapo. Wakampeleka zahanati ya kiwanda, na kabla ya saa saba mchana akajifungua mtoto wa kike, ana sauti kama king'ora.

Meneja alitoa hotuba. Alisema, "Mfumo wetu umefanya kazi." Watu wakatazamana: Mfumo ni nani, anakaa kota namba ngapi? Lakini barua ya tatu haikuandikwa.

Siku ya saba watu wakakusanyika kwa Kassian kumpa mtoto jina. Chai ilikuwepo, mihogo ilikuwepo, maandazi yalikuwepo. Jina ndilo halikuwepo.

Kassian akasimama mbele ya watu, plasta kidevuni. "Ndugu zangu, mimi nimeokolewa na watu watatu na nina mtoto mmoja. Ningepata watoto watatu ningelala usingizi. Mke wangu hapa ameniambia niwaache waseme wenyewe, yeye atasikiliza, na yeye atachagua, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba. Wenyewe wako hapa. Semeni."

Watu wakamtazama Mzee Likuda, mkubwa wao.

Akasimama. Akavua kofia. "Mimi nitasema kwa kifupi. Kilio kilichobaki kifuani kwa mtu hakimwokoi mtu. Boksi lilidaka neno, sawa. Lingelipeleka wapi? Njia fupi ilikuwa imechomwa kigingi. Ningekuwa nimewasikiliza ninyi, waya ungekuwa mmoja tu, ndivyo mlivyotaka, mkanicheka, mkaniita Milango Miwili. Kassian alipita mlango wa pili. Ndiyo hoja yangu. Na ninalitaka hilo jina, sitawaficha. Nikifa, Likuda amekwisha. Hakuna wa kunitupia udongo wa kwanza."

Ilionekana amemaliza. Mara akaendelea, akiitazama kofia yake.

"Lakini kuna jambo. Ile asubuhi niliwaona wafunga turubai. Nilikuwa nimekaa na kikombe changu cha chai. Nilijua waya umelala pale. Nikasema moyoni, hawakuniuliza, wapigilie tu. Wakiukata, watajua kwa nini niliweka miwili. Nilitaka wajue. Hakuna aliyeniona, wala hakuna ambaye angejua, lakini nisingeweza kula maandazi haya bila kusema."

Akakaa. Jirani yake, fundi bomba mmoja, akamsogezea kikombe.

Tusekile akasimama. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kiatu cha kazi. "Mzee amesema vizuri. Ila nauliza: waya wake ulikuwa hatua ngapi kutoka kwa Kassian? Hata ungekuwa kumi, ungekuwa mia. Waya una milango miwili, kumi, arobaini, lakini mtu anayevutwa mkandani hawezi kuufikia hata mmoja. Kilio lazima kisikike mahali kinapoliliwa. Mimi ndiye niliyekisikia, mimi na kifaa changu na wiki sita za kutembea. Siku ile hewa ilijaa simu mia tatu. Soko zima la kelele! Na sauti ya Kassian ikapita. Mnanionyesha mitambo, mnanionyesha majengo, mnanionyesha barabara za kiwanda hiki; hakuna hata kimoja chenye jina la mwanamke. Mtoto ni wa kike. Mtamwita Likuda? Akiitwa shuleni watoto watamtafuta mzee mwenye mvi!"

Kicheko kikapasuka, hata Mzee Likuda akacheka.

"Dada Tusekile," akasema yule fundi bomba, "kilio ulikisikia, hatukatai. Lakini na hizo mara tisa ulizosikia pasipo kilio? Kama vitufe vyako visingekuwa na makelele, meneja asingetoa amri ya kupigiwa simu. Mkanda ungeanza kusimama wenyewe kwenye hatua arobaini na tano. Kassian angeshuka na viatu vyote viwili."

Tusekile akasema kwa sauti yake ya chini, "Ni kweli. Mara tisa. Nilivirekebisha vyote, mara ya kumi ilikuwa ya kweli. Lakini mara tisa zilikuwepo." Akakaa.

Sasa watu wakamgeukia Mketo. Alikuwa karibu na mlango, anamenya muhogo.

"Mimi sikuja kudai," akasema. "Nilikuja kunywa chai."

"Simama, bwana!" watu wakamwambia, halafu wakaangua kicheko kwa neno walilolitumia.

Hakusimama. Kassian ndiye aliyemsemea. "Huyu bwana ana watoto sita na barua mbili. Kitufe hakina watoto. Waya hauna barua. Kitufe kilisema Simama kwa sababu nilikibonyeza, kisingeweza kukataa. Waya ulipeleka kwa sababu ndiyo kazi ya waya. Huyu angeweza kukataa. Angeweza kungoja simu ipokewe, na angekuwa na amri ya meneja mkononi ya kumkinga. Neno likifika kwa asiyelitii, limefika wapi?"

Watu wakaguna kukubali. Hapo Bibi Anjela, mama mzazi wa Redempta, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini kumlea mzazi, akanyoosha kidole.

"Mkwe wangu, umesema vizuri sana, kwa sababu ulikuwa umelala kifudifudi. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai nikiangalia. Bendera ilikuwa juu. Nani alipandisha mwendo bendera ikiwa juu?"

Mketo akaacha kumenya. "Mimi, bibi."

"Mkono gani?"

Akauinua wa kulia.

"Na uliopiga kile chekundu?"

Akaendelea kuuinua ule ule.

"Nilitaka kumfurahisha yule mwenye kipaza sauti," Mketo akasema. "Kila mtu alikuwa anafurahi. Nilikuwa juu peke yangu, nikaona nami nitie langu. Na simu, bibi, nilipiga kweli. Niliiacha iite mara mbili. Sikujua kama kuna mtu. Sitawadanganya kwamba nilijua. Niliona taa tu. Nilisema moyoni, ikiwa ya uongo nitakwenda nyumbani na barua, ikiwa ya kweli kuna mtu. Basi. Mkono ukaenda. Sijui zaidi ya hapo."

Pakazuka zogo kubwa. Wapakia miwa walikuwa upande wa Mketo: mtu ni anayetenda saa ya kutenda, si vinginevyo! Mafundi waya wakasema saa ya kutenda ni fupi, mtu yeyote anaweza kuwa shujaa kwa pumzi mbili. Jaribu kuwa na akili miaka mitano kabla, huku unachekwa. Wanawake wengi walikuwa na Tusekile. Mmoja wao, muuza uji wa getini, akasema hao wote watatu wamenyamazia mfuko: nani aliyeushona? Bila mfuko kitufe kingekuwa kabatini. Redempta akatikisa kichwa. "Mimi ni mama yake. Jina langu atalipata kwenye cheti cha kuzaliwa. Hapa tunatafuta somo." Fundi bomba akapendekeza kura. Akanyamazishwa. Mwingine akapendekeza mtoto aitwe Mfumo, watu wakacheka mpaka mtoto akaamka na kulia, na kilio chake ndicho kilichomaliza mjadala.

Redempta alimnyonyesha kwanza. Watu walingoja.

Kisha akasema:

"Nimewasikiliza. Mzee Likuda, wewe ulifikiri kabla ya wote, na ukakosa kusema neno moja asubuhi. Tusekile, mwenzangu, wewe ulimsikia mume wangu wakati mimi mwenyewe nilikuwa namwona na sauti haikutoka; sitasahau. Lakini ninyi wawili mlitengeneza vitu vyenu na mkaenda nyumbani. Hamkuwa na la kuchagua siku ile. Mketo ndiye aliyeharibu, na Mketo ndiye aliyechagua. Ule mkono ulipandisha mwendo kwa kufurahisha watu, na ule ule ulisimamisha ukijua utawaudhi. Nataka mwanangu awe na somo ambaye mkono wake umewahi kufanya yote mawili. Mtoto ataitwa Mketo."

"Msichana?" akauliza Bibi Anjela.

"Msichana."

Tusekile akasema, "Redempta, dada yangu, kama kisingekuwa kitufe changu, angechagua nini? Angechagua kati ya chai na maandazi."

"Najua," akasema Redempta.

"Basi sawa. Nilitaka tu ujue kwamba najua."

Jina lilikuwa limeamuliwa, lakini kule Lumbanga jina lililoamuliwa bado si jina. Linakuwa jina likiitwa mlangoni, mara tatu, kwa sauti ya kusikika kota ya mwisho, na anayeliita si baba wala mama wala bibi. Ni mtu mkubwa kwa umri kuliko wote waliopo, asiye wa nyumba ile. Watu wakatazamana wakahesabu umri, na walipomaliza kuhesabu hakuna aliyetaka kulisema. Mkubwa kuliko wote alikuwa Mzee Likuda.

Kassian akasema kwa kusitasita, "Mzee, kama utaona vigumu, tunaweza..."

"Vigumu nini?" akasema Mzee Likuda. "Nipeni mtoto."

Akavaa kofia yake. Akampokea mtoto kwa mikono miwili iliyojaa makovu ya waya, akamfunika kichwa na ncha ya kanga, akaenda akasimama kizingitini. Aliyekuwa nyuma yake aliona mabega yakipanda, yakishuka. Angeweza kuita jina lolote. Jina likishaitwa halibadilishwi. Wote walilijua hilo, na yeye alilijua kuliko wote.

"Mketo!" akaita.

Mbwa wa kota ya tatu akabweka.

"Mketo!"

Mketo mwenyewe alikuwa amesimama sasa, muhogo mkononi, hajui auweke wapi.

"Mketo!" akaita Mzee Likuda mara ya tatu, kwa nguvu zaidi ya mbili za mwanzo, mpaka watu wa kota ya mwisho wakatoka nje kuitikia. Akageuka, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaomba chai.

Ndivyo ilivyoamuliwa, na Mzee Likuda ndiye aliyetekeleza. Sasa ninyi mliokuwa mmekaa kimya muda wote huu: mmoja alikisikia kilio, mmoja alikibeba, mmoja alikitii, na kila mmoja wao alikuwa na mkono katika kuizidisha hatari ile. Kama mtoto yule angewekwa mikononi mwenu mkasimama pale kizingitini, mngeita jina la nani?